Wivu unasingiziwa: kilichommaliza mke wa Duke katika "My Last Duchess" ni kiburi

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Shairi la "My Last Duchess" la Mwingereza Robert Browning nimeliona likijadiliwa mara nyingi, na karibu kila mara linafungwa kwa sentensi moja: mume mwenye wivu kamuua mkewe. Naomba leo tulifungue upya. Wivu umo, siukatai, ila tunautwisha mzigo usio wake. Kinachoendesha shairi lile ni kiburi, tena kiburi cha mtu anayeona hata kusema "hili limeniudhi" ni kujishusha.

Kwa ambaye hajalisoma: lilichapishwa mwaka 1842, lina mistari 56, na nafsineni (yule anayesema ndani ya shairi) ni mmoja tu mwanzo mwisho. Ni Duke (mtawala mwenye cheo cha ukabaila) wa Ferrara, kaskazini mwa Italia, zama zile watawala wa miji ya huko walikuwa wakishindana kwa majumba, picha na sanamu. Yuko ghorofani na mgeni. Anasogeza pazia, nyuma yake ipo picha ya mwanamke, naye anasema kwa utulivu kabisa kwamba huyo ni mkewe aliyepita, ukimtazama utadhani yu hai. Anamkaribisha mgeni aketi aiangalie. Halafu, bila kuulizwa kwa mdomo, anaanza kueleza mwanamke yule alikuwa na kasoro gani. Karibu na mwisho ndipo tunapong'amua mgeni ni nani: ni mjumbe wa Count mmoja (naye ni kabaila), na jambo lililomleta ni ndoa ya binti wa huyo Count. Yaani mtu anaposa, na katikati ya mazungumzo ya posa anamwonyesha mjumbe picha ya mke aliyemnyamazisha.

Sasa twende kwenye ushahidi. Duke anataja vitu vinne vilivyokuwa vikimfurahisha mkewe. Pambo alilompa yeye mwenyewe, alilolivaa kifuani. Jua linapozama magharibi. Tawi la cheri ambalo mtu fulani alimkatia bustanini. Baghala mweupe aliyekuwa akimpanda kuzunguka uwanja wa jumba. Vyote, anasema, vilipata maneno yaleyale ya kusifia, au walau wekundu uleule shavuni.

Itazameni orodha hiyo polepole. Mwanamume mwenye wivu orodha yake ina majina ya watu. Ya huyu ina machweo na mnyama. Na pale alipo mtu, yule wa tawi la cheri, Duke hashughuliki hata na jina lake. Anamwita mpumbavu mwenye kujipendekeza, basi, anapita. Mwenye wivu angetaka kujua ni nani, walizoeana lini, nani aliwaona. Huyu hana haja na hayo.

Kinachomuuma anakitamka mwenyewe mistari michache mbele. Mkewe aliwashukuru watu, na hilo ni jema, ila aliwashukuru kana kwamba zawadi ya jina la ukoo wa miaka 900 ilikuwa sawa na zawadi ya mtu yeyote. Hapo ndipo penye donda. Alimpa jina, na yule binti akaliweka safu moja na tawi la matunda.

Kisha inakuja sehemu ambayo kwangu ndiyo roho ya shairi zima. Anauliza: nani angejishusha kulaumu upuuzi wa namna hii? Anasema hata ungekuwa fundi wa maneno (ufundi ambao anadai hana), ukamweleza mkeo wazi kwamba hili na lile lako linanichukiza, hapa umepunguza, pale umezidisha. Na hata mke akakubali kufundwa bila kujibizana. Bado kungekuwa na kujishusha ndani yake. Na yeye anachagua kutojishusha kamwe. Kujishusha kunatajwa mara tatu ndani ya mistari kumi.

Maana yake ni kwamba mke hakuambiwa. Hakuna siku aliyoitwa akaelezwa kosa lake. Alihukumiwa kwa shitaka ambalo hakusomewa. Na hukumu yenyewe Duke anaipitisha kwa maneno machache kuliko aliyotumia kueleza tawi la cheri: jambo likakua, nikatoa amri, tabasamu zote zikakoma kwa pamoja. Baada ya hapo anamwomba mgeni ainuke washuke chini kwa wenzao.

Mtu anayeua kwa wivu huwa amepandwa na hasira. Hebu nitafutieni hasira ndani ya mistari hiyo. Karibuni tujadili.

Jicho la Tatu

Mkuu, uzi mzuri, ila naomba nitofautiane nawe mapema kabla watu hawajakubali kwa wingi.

Umeruka sehemu ya mchoraji. Kabla ya orodha ya vitu vinne, Duke anataja wekundu wa furaha shavuni mwa mkewe na anasema si uwepo wa mume peke yake ulioamsha wekundu ule. Kisha anakisia mchoraji, Fra Pandolf, huenda alisema nini: kwamba vazi la bibie linafunika sana kiungo cha mkono, au kwamba rangi haiwezi kunasa ule wekundu hafifu unaofifia kwenye koo lake. Koo, mkuu. Kiungo cha mkono. Huyo ni mume aliyekaa akaujenga upya mwilini mwa mkewe mtazamo wa mwanamume mwingine. Kama huo si wivu, wivu ni nini?

Halafu umesema mwenye wivu lazima awe na jina la mtu. Si kweli. Wapo wanaoonea wivu kicheko chenyewe: unacheka kwa nini, na nani, mbona mimi sijasema la kuchekesha? Wivu wa namna hiyo hauhitaji mshindani, kwa sababu kila kitu ni mshindani. Machweo yakiwemo.

Na pazia je? Anasema wazi hakuna anayelisogeza ila yeye. Mke akiwa hai alitazama kila mtu. Sasa amekuwa picha, na Duke ndiye anayeamua nani atazamwe naye.

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Jicho la Tatu, hapo kwenye koo umegusa pazito, na nakubali ule ni wivu wa mwili. Lakini tazama neno "huenda". Hasemi mchoraji alitamka hivyo. Anakisia, anayatunga maneno na kuyatia kinywani mwa mtu. Na huyo mtu amemchagua kwa makusudi: anasema wazi kwamba jina la Fra Pandolf kalitaja kusudi. "Fra" ni cheo cha mtawa, mtu aliyeapa kutooa. Wapo wasomaji wanaoona kwamba Duke anamtaja mtawa ili mgeni asije akadhani palikuwa na mapenzi ya siri. Ninavyoona mimi, hataki mgeni aondoke na picha ya mume aliyezidiwa ujanja. Hiyo ingemdhalilisha, bora aonekane mkatili kuliko aonekane kaibiwa.

Kwa hiyo ninachosema ni mpangilio. Wivu wake unatoka ndani ya kiburi. Mtu anayependa akapatwa na wivu anaogopa kupoteza mapenzi. Duke haogopi hilo, wala haulizi kama alipendwa. Lipitieni shairi lote la Kiingereza mstari kwa mstari: neno la mapenzi halimo, hata mara moja. Lipo la kupangwa daraja, lipo la zawadi, lipo la jina. Alichotaka ni cheo ndani ya moyo wa mkewe, awe wa kwanza na vingine vyote viwe chini yake.

Pazia naliweka akiba, nitalirudia.

Msomaji Mgeni

Wakuu mimi nafuatilia tu, ila nina maswali mawili. Kwanza, huyu Duke alikuwepo kweli au ni mtu wa kubuni? Pili, mle ndani kuna mahali wanazungumzia mahari, na nikasoma kama vile Duke ndiye anayedai. Inakuwaje mwoaji adai mahari?

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Karibu sana, maswali yako ni ya msingi.

La pili kwanza maana ni fupi. Kwa watawala wa Ulaya ya wakati ule, mali ilitoka upande wa binti kwenda kwa mume. Baba ndiye aliyelipa. Ndiyo maana Duke anasema ukarimu wa Count unajulikana, kwa hiyo hana shaka kwamba dai lake la haki halitakataliwa. Akishasema hivyo anakumbuka adabu, anaongeza kwamba binti mwenyewe ndiye hasa anayemtaka. Mali kwanza, mtu baadaye.

Kuhusu kuwepo kwake: Browning hakumtaja Duke kwa jina la mtu, ila chini ya kichwa cha shairi aliandika "Ferrara", na wengi wanakubaliana kwamba alimfikiria Alfonso II d'Este, aliyezaliwa mwaka 1533 na kutawala Ferrara kuanzia 1559 hadi kifo chake mwaka 1597. Mwaka 1558 alimwoa Lucrezia de' Medici, binti wa Cosimo I aliyekuwa akitawala Florence. Lucrezia alikuwa na miaka 13. Alifariki Aprili 1561 akiwa na miaka 16. Uvumi wa sumu ulienea, ingawa wanahistoria wengi wa leo wanaona aliugua tu, na kifua kikuu ndicho kinachotajwa sana. Baadaye, mwaka 1565, Alfonso alimwoa Barbara wa Austria, binti wa Kaizari Ferdinand I. Familia ya Barbara ndiyo iliyotawala Tyrol, mji wake mkuu ukiwa Innsbruck, na ndiyo sababu "Innsbruck" inasikika kwenye mstari wa mwisho wa shairi. Mchoraji Fra Pandolf na Claus, mchonga sanamu anayetajwa mwishoni mwa shairi, hao ni wa kubuni.

Kwa hiyo tusimhukumu Alfonso wa historia kwa dhambi za Duke wa shairi. Browning alichukua uvumi akaugeuza kuwa mtu.

Ila kuna jambo moja la historia linalonigusa kila nikifika kwenye "jina la miaka 900". Alfonso alioa mara tatu, wa tatu akiwa Margherita Gonzaga mwaka 1579, na hakupata mtoto hata mmoja. Alipofariki bila mrithi halali, Papa aliichukua Ferrara mwaka 1598, na ukoo wa Este ukahamia Modena. Msomaji anayelijua hilo anasikia majivuno ya Duke tofauti kabisa.

Vina na Mizani

Nimefurahi kuona uzi wa ushairi unaokwenda na ushahidi. Naomba nichangie upande wa umbo, kwa sababu naona utawala wa Duke uko hata kwenye vina.

Shairi limepangwa mistari miwili miwili, kila jozi ina kina chake cha mwisho, na kila mstari una silabi kumi hivi. Kwa maelezo hayo ungetegemea lisikike kama wimbo, kina kinagonga, unapumua, kinagonga tena. Lakini lisome kwa sauti uone. Kina hukisikii! Sababu ni kwamba mistari mingi ni mishata. Sentensi inaanza katikati ya mstari, inavuka mwisho wa mstari bila kusimama, inakwenda kukatikia katikati ya mstari mwingine. Sikio linasikia mtu anaongea tu, tena kwa ulaini. Jicho ndilo linaloona kwamba kila kitu kimefungwa.

Huyu ndiye mtu aliyesema hana ufundi wa maneno! Anasema hivyo katikati ya vina ambavyo havikukosea hata kimoja. Mimi hapo ndipo ninapomwogopa. Anaonekana analegea, anasitasita, "nisemeje?", "sijui vipi", na kumbe kila neno liko mahali pake.

Tazameni pia mahali alipokata. Sentensi ya "nikatoa amri" iko mwisho wa mstari wa 45. Sentensi za kabla yake ni ndefu, zina viungo na vijisentensi vya ndani, zinazunguka. Akifika kwenye amri zinakuwa fupi fupi, tatu mfululizo. Hakuna kusitasita tena. Kwenye kueleza hisia zake anahangaika, kwenye kuamuru ulimi unanyooka.

Bi Hekaya

Salaam wote. Nimesoma michango yote na naona tumemzungumza Duke sana, mkewe kidogo. Naomba nimtetee.

Kila tunachokijua kuhusu mwanamke huyu kimetoka kwa mtu aliyemwondoa. Hakuna shahidi mwingine. Hana hata jina! Mchoraji ametajwa kwa jina mara tatu, mchonga sanamu ametajwa, yeye anaitwa kwa cheo alichopewa na mume. Na bado, kwa ushahidi huohuo wa adui yake, mimi namwona binti mwema. Alifurahia jua. Alimshukuru mtu aliyemletea matunda. Aliwatabasamia waliopita, na mumewe akiwemo. Duke mwenyewe anakiri kwamba kila alipopita alipata tabasamu. Mwendesha mashtaka kaleta ushahidi wote alionao na ushahidi wote unamsafisha mshtakiwa. Huo ndio ukubwa wa Browning kwangu mimi, kwamba alimwachia Duke kipaza sauti peke yake na bado tukamwona mke.

Sasa kuhusu wivu na kiburi, mimi niko na mleta mada, na sababu yangu si ya vitabuni. Niliwahi kuishi na mtu ambaye hakuniambia kosa langu. Anabadilika tu. Sahani inawekwa mezani, hagusi chakula, nikiuliza kuna nini, jibu ni "hakuna kitu". Siku nyingine namsikia akimweleza mgeni, mimi nikiwa palepale, kwamba wanawake wengine hawajui thamani ya walichopewa. Nikawa naishi kwa kukisia. Unapunguza kucheka na watu, unapunguza kusalimia, unajipima kila neno kwa sheria ambayo hukuonyeshwa. Nilipofika kwenye mistari ya "hapa umepunguza, pale umezidisha" niliweka karatasi chini. Maneno hayo Duke hakumwambia mkewe. Anamwambia mgeni. Yaani uwezo wa kuyasema alikuwa nao, kwa ufasaha wote, ila mtu wa kuambiwa alikuwa ni mwingine.

Tunapenda kusema wivu ni dalili ya mapenzi. Hilo limeharibu watu wengi. Mtu akikunyima hata haki ya kujua umemkosea nini, hapo usitafute mapenzi.

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Bi Hekaya, asante kwa kutuamini na hilo. Na hoja yako kwamba maneno aliyonyimwa mke akapewa mgeni sijawahi kuisoma popote, nami naona ndiyo inayoshika shairi zima. Anadai hana ufundi wa kusema, kumbe anasema mistari 56 bila kupumzika.

Nirudi kwenye pazia la Jicho la Tatu. Mke akiwa hai, tabasamu lake lilikuwa la kila mtu. Akiwa picha, mume ndiye anayeshika pazia. Wageni wanaomtazama, anasema Duke, humgeukia yeye kana kwamba wanataka kuuliza, kama wangethubutu, mtazamo ule umetokana na nini. "Kama wangethubutu" nimeipigia mstari. Anajua anaogopwa na analifurahia hilo. Lakini jamani, mtazamo uleule uliomuudhi ndio uliochorwa! Fra Pandolf alinasa ile furaha shavuni, na Duke ameihifadhi, anaionyesha, anaiita kazi ya ajabu. Kwa hiyo uchangamfu wenyewe haukumchukiza. Alichukia kwamba haukuwa chini ya mkono wake.

Mpinzani Halisi

Nina swali ambalo naona wote mmelikwepa. Kwa nini anamwambia mjumbe? Huyu ni mtu anayetafuta mke na mali. Mjumbe atarudi kwa Count na kutoa taarifa. Kuna akili gani kumwambia "mke wangu aliyepita alitabasamu sana, nikatoa amri"?

Walimu wengi hufundisha kwamba Duke kajisahau, kajifunua bila kujua. Mimi siamini. Mtu aliyesema "nimetaja jina hili kusudi" hajisahau. Naona anatuma onyo: mwambieni binti, nyumba hii ina masharti. Si yeye aliyesema kumrekebisha mke ni kujishusha? Basi safari hii mjumbe afanye kazi hiyo, binti afike akiwa amesharekebishwa.

Na hizo amri zilikuwa za nini hasa? Mbona wote tunasema "kaua"? Shairi halisemi.

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Mpinzani Halisi, mada hii ilikungoja wewe.

Kuhusu amri: uko sawa kwamba shairi halitaji kifo. Browning mwenyewe alipoulizwa uzeeni alijibu kwamba amri zilikuwa mwanamke auawe. Kisha akatafakari kidogo, akaongeza kwamba au huenda Duke alimfungia kwenye nyumba ya watawa. Hata mtunzi aliuacha mlango wazi. Mimi nasoma kifo, kwa sababu ya "utadhani yu hai" inayosemwa mwanzoni na kurudiwa mara tu baada ya amri. Huwezi kumsemea hivyo mtu ambaye yu hai kwenye nyumba ya watawa. Lakini fikiria nyumba ya watawa, halafu ujiulize kama shairi linapungua ukali. Halipungui hata kidogo. Kwa Duke njia zote mbili zinafika palepale, tabasamu zimekoma.

Kuhusu sababu ya kumwambia mjumbe, hoja yako ya onyo ina nguvu, na ile ya kumwachia mjumbe kazi ya kumrekebisha binti ni nzuri mno. Hata hivyo kwangu kuna kitu cha kutisha kuliko onyo. Onyo ni la mtu anayejua kwamba alichofanya kinaogofya, akaamua kukitumia. Mimi sioni kwamba Duke anaona lolote la kuogofya. Anaeleza jambo la busara, mwenye nyumba aliyeondoa kero, na anategemea mgeni mstaarabu aelewe. Anamwita "bwana" kwa heshima mara nne. Anamkaribisha kuketi, anamwomba ainuke, anasisitiza washuke pamoja. Adabu yote ipo, na mizani ya kupimia uovu haipo.

Tena kumbukeni shairi lilichapishwa Uingereza ya 1842. Msomaji wa wakati ule angeweza kusema hayo ni ya Italia ya kale. Lakini kwa sheria ya Uingereza ya mwaka huohuo, mwanamke akiolewa mali yake ilikuwa mikononi mwa mumewe, na sheria za kubadili hali hiyo hazikuja hadi 1870 na 1882. Browning aliwapelekea Ferrara ya karne ya 16 watu ambao umiliki wa mume hawakuhitaji kuusoma kwenye historia.

Jicho la Tatu

Nimesogea kidogo upande wa mleta mada, sijafika kwake kabisa. Naona bado wivu na kiburi vimefumwa pamoja kiasi kwamba kuvitenganisha ni kazi yetu wasomaji zaidi kuliko ya Duke.

Nina jambo la mwisho kuhusu mjumbe. Pale Duke anaposema "hapana, tutashuka pamoja, bwana", wengine wanasoma kwamba mjumbe alisimama pembeni kwa adabu ili Duke atangulie. Mimi nasoma kwamba alikuwa ameshaanza kuondoka. Amesikia aliyoyasikia, miguu imetangulia kabla ya ruhusa. Na Duke akamrudisha kwa maneno laini. Hata mgeni hashuki ngazi kwa hiari yake. Mnaionaje?

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Naikubali, kwa sababu ya kinachofuata. Mara tu baada ya kumzuia anamwelekeza macho: angalia na sanamu hii, Neptune, mungu wa bahari, akimfuga farasi wa baharini, inasemekana ni adimu, Claus wa Innsbruck aliisubu kwa shaba kwa ajili yangu. Picha ya mke na sanamu ya mungu anayefuga mnyama vimeonyeshwa na mkono mmoja, kwa sauti moja, ndani ya matembezi mamoja. Na neno la mwisho kabisa la shairi kwa Kiingereza ni lile linalomrudia yeye mwenyewe, "kwangu".

Wanaotaka kuendelea, msome "Porphyria's Lover" la Browning huyohuyo, lililotoka mwaka 1836, mistari 60. Humo pia nafsineni ni mwanamume peke yake, na mwanamke ananyongwa kwa nywele zake mwenyewe. Tofauti ni kwamba mwanamume wa huko anamuua mwanamke kwa sababu ameona, kwa dakika ile, kwamba anapendwa, akataka dakika hiyo isipite. Jicho la Tatu, hapo hoja yako ya wivu itasimama vizuri zaidi kuliko yangu ya kiburi, nami nitakuwa wa kwanza kukusikiliza. Fungua uzi, tuko nyuma yako.